Kukokotoa Tarakimu za Pai kwa Mkono na kwa Kompyuta: Mwongozo Kamili

Pai ni mzingo wa duara ukigawanywa kwa kipenyo chake. Kwa kuwa shuleni tunafundishwa hivyo, ni rahisi kudhani kwamba mwenye rula nzuri na subira atazipata tarakimu zake kwa kupima. Hatazipata. Chukua duara lenye kipenyo cha sentimita 30. Mzingo wake unakaribia milimita 942, na ukikosea milimita moja tu, tarakimu ya tatu baada ya nukta haiaminiki tena. Hata duara lenye kipenyo cha kilomita nzima halitakuokoa: kupata nafasi 10 za desimali kungekulazimu upime mzingo wake bila kukosea zaidi ya sehemu moja ya elfu kumi ya milimita.

Tarakimu hizi hutafutwa kwa hesabu, na hesabu yenyewe inadai mambo mawili. La kwanza ni fomula inayokwenda kasi, kwa sababu fomula nyingi nzuri kwa macho zinatambaa mno. La pili ni njia nyingine ya kufikia jibu lilelile, ili uhakiki. Nasisitiza hili la pili tangu mwanzo kwa kuwa ndilo watu wanaloliruka: tarakimu ambayo hukuihakiki huwezi kuisimamia, hata kama kwa bahati iko sahihi.

Utahitaji kalamu, karatasi ya miraba na kikokotoo chenye kipeuo cha pili. Kwa sehemu za mbele, kompyuta yoyote yenye Python, lugha ya kuandikia programu. Hisabati ya sekondari inatosha.

Hatua ya 1: Lifunge duara kati ya poligoni mbili

Njia ya kale iliyothibitishwa kikamilifu ni ya Archimedes wa Syracuse, karne ya tatu kabla ya Kristo. Chora poligoni ndani ya duara, na nyingine nje yake ikiligusa. Mzingo wa duara lazima uwe katikati ya mizingo hiyo miwili. Ongeza idadi ya pande, na nafasi kati yao inabana.

Anza na pande 6 katika duara lenye nusukipenyo 1. Nusu ya mzingo wa poligoni ya nje, tuiite N, ni 2√3, yaani 3.4641016. Nusu ya mzingo wa ile ya ndani, tuiite D, ni 3 kamili. Kila unapozidisha pande mara mbili, fanya hivi kwa mpangilio huu:

N mpya = 2 × N × D ÷ (N + D)
D mpya = kipeuo cha pili cha (N mpya × D ya zamani)

Ukifuata hivyo utapata:

Pande 12: D = 3.1058285, N = 3.2153903
Pande 24: D = 3.1326286, N = 3.1596599
Pande 48: D = 3.1393502, N = 3.1460862
Pande 96: D = 3.1410320, N = 3.1427146

Archimedes aliishia kwenye pande 96, bila desimali na bila kikokotoo, akaonyesha kwamba pai ni kubwa kuliko 223/71 na ndogo kuliko 22/7. Ile 22/7 ya vitabu vya shule ni ukuta wa juu wa hesabu hiyo, wala haijawahi kuwa pai yenyewe.

Hapa pana mtego. Masomo mengi hutoa fomula nyingine ya kuongeza pande, ile ya kuchukua urefu wa upande mmoja s na kukokotoa √(2 − √(4 − s²)). Kwenye karatasi ni sahihi kabisa. Kwenye kikokotoo inaharibika, kwa sababu s inapokuwa ndogo, √(4 − s²) inakaribia sana 2, na kutoa namba mbili zinazokaribia kulingana hufuta tarakimu zote za mbele na kukuachia mabaki ya makadirio. Ukiendelea kuongeza pande, jibu linaanza kuwa baya na mwishowe linakuwa sifuri. Njia ya N na D haina utoaji mahali popote, ndiyo maana naipendekeza.

Kasi yake ni ndogo. Kila unapozidisha pande mara mbili, kosa linapungua mara nne tu, kwa hiyo unahitaji hatua tano ili kupata tarakimu tatu. Ludolph van Ceulen, aliyefariki Leiden mwaka 1610, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kwa njia ya poligoni na kufikisha nafasi 35 za desimali. Ziliandikwa kwenye kaburi lake. Namheshimu sana, lakini wewe una njia fupi zaidi, na tarakimu zake 35 leo zinapatikana kwa jioni mbili tatu za kalamu na utulivu.

Hatua ya 2: Kutoka poligoni kwenda mfululizo

Njia fupi ilianzia Kerala, kusini mwa India, katika karne ya 14. Madhava na wanafunzi waliomfuata walijua kwamba pembe inaweza kuandikwa kwa tanjenti yake kama mfululizo usio na mwisho. Ikiwa tanjenti ya pembe ni x, basi pembe yenyewe, kwa kipimo cha rediani, ni:

x − x³/3 + x⁵/5 − x⁷/7 + ...

Tuiite hesabu hii arktani(x). Pembe ya nyuzi 45 ina tanjenti 1, na kwa rediani ni robo ya pai. Weka x = 1, upate:

pai/4 = 1 − 1/3 + 1/5 − 1/7 + ...

Ni fomula nzuri mno kutazama, na ni mbaya mno kutumia. Baada ya kujumlisha vipengele 1000, jibu la pai bado lina kosa linalokaribia 0.001. Vipengele milioni moja vinakupa kosa la karibu 0.000001. Yaani kila tarakimu moja mpya inadai kazi mara kumi ya yote uliyokwisha kufanya. Usianze hata.

Siri iko kwenye x. Vipengele vinapungua kwa kasi pale x inapokuwa ndogo, kwa kuwa kila kipengele kinazidishwa kwa x² kabla ya kugawanywa. Madhava mwenyewe aliliona hilo akatumia pembe ya nyuzi 30, ambayo tanjenti yake ni 1/√3:

pai = √12 × (1 − 1/(3×3) + 1/(5×9) − 1/(7×27) + ...)

Kwa njia hiyo alipata pai hadi nafasi 11 za desimali. Kasoro yake moja ni kipeuo cha 12, ambacho nacho lazima ukikokotoe kwa tarakimu nyingi kabla ya kuanza.

Hatua ya 3: Fomula ya Machin

Mwaka 1706 John Machin, Mwingereza, alipata njia ya kutumia x ndogo bila kipeuo chochote:

pai/4 = 4 × arktani(1/5) − arktani(1/239)

Usiikubali kwa sababu tu imeandikwa hapa. Uthibitisho wake ni mistari minne, na ukiupitia mara moja hutaisahau fomula. Tanjenti ya pembe iliyozidishwa mara mbili ni 2t ÷ (1 − t²), ambapo t ni tanjenti ya pembe ya mwanzo. Anza na t = 1/5:

Mara mbili: (2/5) ÷ (24/25) = 5/12.
Mara nne: (5/6) ÷ (119/144) = 120/119.

Kwa hiyo pembe yenye tanjenti 1/5, ikizidishwa mara nne, ina tanjenti 120/119. Imezidi nyuzi 45 kidogo sana. Imezidi kiasi gani? Tumia kanuni ya kutoa pembe:

(120/119 − 1) ÷ (1 + 120/119) = (1/119) ÷ (239/119) = 1/239.

Basi, nyuzi 45 ni mara nne ya pembe ya 1/5, toa pembe ya 1/239. Ndiyo fomula nzima. Machin aliitumia kupata nafasi 100 za desimali, na kwa zaidi ya miaka 200 fomula za aina hii ndizo zilizotawala kazi ya kukokotoa pai.

Uzuri wake kwa mtu wa kalamu ni kwamba kugawanya kwa 25 ni kuzidisha kwa 4 na kusogeza nukta nafasi mbili. Hakuna mgawanyo mrefu hapo. Kazi ngumu inabaki kugawanya kwa namba witiri 3, 5, 7 na kuendelea, na ule mgawanyo wa 239.

Hatua ya 4: Fanya hesabu yenyewe, nafasi 10

Tunataka nafasi 10, kwa hiyo tutafanya kazi kwa nafasi 12. Zile mbili za ziada naziita tarakimu za akiba. Kila mgawanyo unakulazimu ukate au ukadirie tarakimu ya mwisho, na vikosa hivyo vidogo vinajumlishana. Akiba ipo ili ivibebe, kisha uitupe.

Andika fomula kama pai = 16 × arktani(1/5) − 4 × arktani(1/239), ili usizidishe mwishoni na kukuza makosa.

Sehemu ya kwanza. Anza na 16/5 = 3.2, kisha kila mstari ugawanye kwa 25. Pembeni mwa kila mstari gawanya kwa namba witiri yake:

3.200000000000 ÷ 1 = 3.200000000000
0.128000000000 ÷ 3 = 0.042666666667
0.005120000000 ÷ 5 = 0.001024000000
0.000204800000 ÷ 7 = 0.000029257143
0.000008192000 ÷ 9 = 0.000000910222
0.000000327680 ÷ 11 = 0.000000029789
0.000000013107 ÷ 13 = 0.000000001008
0.000000000524 ÷ 15 = 0.000000000035
0.000000000021 ÷ 17 = 0.000000000001

Mistari ya 1, 3, 5, 7 na 9 inajumlishwa. Ya 2, 4, 6 na 8 inatolewa. Nakushauri uikusanye kwenye safu mbili tofauti badala ya kupanda na kushuka, kwa sababu makosa mengi ya mkono huzaliwa pale alama inapobadilika.

Safu ya kujumlisha: 3.201024911231
Safu ya kutoa: 0.042695953634
Tofauti: 3.158328957597

Sehemu ya pili. 4/239 = 0.016736401674. Kisha gawanya kwa 239 mara mbili, ambayo ni sawa na kugawanya kwa 57121:

0.016736401674 ÷ 1 = 0.016736401674
0.000000292999 ÷ 3 = 0.000000097666
0.000000000005 ÷ 5 = 0.000000000001

Chukua wa kwanza, toa wa pili, jumlisha wa tatu: 0.016736304009.

Sasa toa sehemu ya pili kutoka ya kwanza:

3.158328957597 − 0.016736304009 = 3.141592653588

Pai ya kweli inaanza 3.141592653589793. Jibu letu limepungua kwa 2 kwenye nafasi ya 12, ndani kabisa ya akiba. Ukiikadiria hadi nafasi 10 unaandika 3.1415926536, na uko sahihi. Tumetumia mistari 12 tu. Kwa ule mfululizo wa x = 1, usahihi huohuo ungedai vipengele mabilioni.

Ukiwa na hamu ya kuendelea, kumbuka viwango hivi. Kila mstari wa sehemu ya 1/5 unakupa kama tarakimu 1.4, na kila mstari wa sehemu ya 1/239 unakupa karibu tarakimu 4.8. Nafasi 100 zinahitaji mistari kama 72 upande wa kwanza na 21 upande wa pili. Inawezekana kwa mkono. Fanya kazi kwa nafasi 105, gawa kila mstari katika mafungu ya tarakimu tano tano, na usianze mstari mpya kabla hujauhakiki ule ulioutangulia kwa kuuzidisha kurudi nyuma. Nafasi 100 za mwanzo zinaishia na 3421170679, kwa hiyo utajua ulipofika.

Kwa matumizi ya vitendo, nafasi 10 ulizonazo zinakaribia kikomo cha mahitaji ya mtu yeyote. Maabara ya JPL ya NASA, shirika la anga la Marekani, hutumia nafasi 15 kuongoza vyombo vyake kati ya sayari. Anayekwenda mbele ya hapo anakwenda kwa ajili ya hesabu yenyewe, na hiyo ni sababu inayojitosheleza. Johann Lambert alithibitisha katika miaka ya 1760 kwamba pai haiwezi kuandikwa kama sehemu ya namba mbili nzima, maana yake tarakimu zake haziishi wala hazianzi kujirudia kwa mzunguko.

Hatua ya 5: Hakiki kwa njia nyingine

William Shanks, Mwingereza, alichapisha nafasi 707 za pai mwaka 1873, zote kwa mkono, kwa fomula ya Machin. Dunia ikazipokea. Katika miaka ya 1940, D. F. Ferguson alikokotoa upya kwa fomula nyingine:

pai/4 = 3 × arktani(1/4) + arktani(1/20) + arktani(1/1985)

Majibu yao yakaachana kwenye nafasi ya 528. Shanks alikosea hapo, na kila tarakimu iliyofuata ilikuwa batili. Kwa miaka kama 70 hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyepita njia ya pili hadi umbali huo.

Kurudia hesabu yako kwa fomula ileile hakutoshi. Jicho lililoruka tarakimu mara ya kwanza huiruka tena mahali palepale, na programu yenye kasoro itarudia kasoro yake kwa uaminifu. Chagua fomula isiyoshirikiana na ya kwanza hata kipande kimoja. Ipo nyingine inayovutia, pai/4 = 12 × arktani(1/18) + 8 × arktani(1/57) − 5 × arktani(1/239), lakini ina 1/239 kama ya Machin, na kosa lililojificha hapo linaweza kuingia pande zote mbili. Mimi hutumia hii:

pai/4 = 2 × arktani(1/3) + arktani(1/7)

Ni ya polepole kidogo, ila haina kinachofanana na ya Machin. Ithibitishe mwenyewe kwa kanuni ileile ya tanjenti: 1/3 mara mbili inakuwa 3/4, na 3/4 pamoja na 1/7 inakupa 1 kamili.

Hatua ya 6: Ikabidhi kompyuta

Mwaka 1949 mashine ya ENIAC nchini Marekani ilitoa tarakimu 2037 kwa kama saa 70, kwa fomula ya Machin. Kompyuta yako itafanya hivyo kabla hujaondoa kidole kwenye kitufe, mradi usiitumie vibaya. Namba za kawaida za desimali ndani ya kompyuta hubeba tarakimu 15 hadi 17 tu, kwa hiyo ukiandika 16*atan(1/5) hutapata zaidi ya hapo. Dawa yake ni kufanya kile tulichofanya kwa mkono: zidisha kila kitu kwa 1 yenye masifuri mengi, ufanye kazi kwa namba nzima, ambazo Python huziacha zirefuke zitakavyo.

```
def arktani(x, kipimo):
    t = kipimo // x
    jumla = t
    n = 3
    ishara = -1
    while t:
        t //= x * x
        jumla += ishara * (t // n)
        ishara = -ishara
        n += 2
    return jumla

def pai_machin(nafasi):
    k = 10 ** (nafasi + 10)
    p = 16 * arktani(5, k) - 4 * arktani(239, k)
    return p // 10 ** 10

def pai_pili(nafasi):
    k = 10 ** (nafasi + 10)
    p = 8 * arktani(3, k) + 4 * arktani(7, k)
    return p // 10 ** 10

a = pai_machin(1000)
print(a)
print(a == pai_pili(1000))
```

Alama // ni mgawanyo unaotupa mabaki. Kila mgawanyo unaweza kupoteza chini ya 1 kwenye tarakimu ya mwisho. Kwa nafasi 1000 kuna migawanyo zaidi ya elfu moja, na hasara yake ikizidishwa kwa 16 inaweza kula tarakimu nne au tano za mwisho. Akiba ya 10 inaimeza yote. Ukifika mamilioni, ongeza akiba kidogo.

Jibu litatoka bila nukta, likianza 31415. Mstari wa mwisho ukisema True, njia mbili zimekubaliana. Angalia pia mwisho wa nafasi 1000: lazima uone 2164201989. Na kuanzia nafasi ya 762 kuna tarakimu 9 sita mfululizo, alama nzuri ya kujua kama umehesabu nafasi vizuri.

Jambo moja huwakwamisha watu wanapozidi hapo. Matoleo mapya ya Python hukataa kuchapisha namba nzima yenye tarakimu zaidi ya 4300, na hutoa ujumbe wa kosa. Hesabu yako haina kasoro. Weka mistari hii miwili juu ya programu:

```
import sys
sys.set_int_max_str_digits(0)
```

Hatua ya 7: Fomula ya ndugu Chudnovsky

Kwa nafasi elfu kadhaa Machin anatosha. Kwa laki na kuendelea, hamia kwenye fomula waliyoipata ndugu wawili, David na Gregory Chudnovsky, mwishoni mwa miaka ya 1980, wakifuata njia iliyofunguliwa na Srinivasa Ramanujan mwaka 1914. Mwaka 1989 wao wenyewe walivuka tarakimu bilioni moja. Kila kipengele chake kinaongeza tarakimu 14 hivi. Ukitaka kuona nguvu yake sasa hivi, chukua kikokotoo ukafanye hesabu hii, ambayo ni kipengele cha kwanza peke yake:

53360 × √640320 ÷ 13591409

Utajaza kioo chote na pai. Kipengele hicho kimoja ni sahihi hadi nafasi 13 za desimali.

```
from math import isqrt

def pai_chud(nafasi):
    s = 10 ** (nafasi + 10)
    a = s
    ja, jb, k = s, 0, 1
    while a:
        a = -a * (6*k-5) * (2*k-1) * (6*k-1)
        a //= k**3 * (640320**3 // 24)
        ja += a
        jb += k * a
        k += 1
    chini = 13591409 * ja + 545140134 * jb
    juu = 426880 * isqrt(10005 * s * s) * s
    return juu // chini // 10 ** 10
```

Kila kipengele kinajengwa kutoka kile kilichotangulia, kwa hiyo hakuna faktoria ya kukokotoa upya. Kipeuo cha 10005 kinachukuliwa mara moja tu, mwishoni. Ilinganishe na pai_machin kwa nafasi elfu moja kabla ya kuiamini kwa laki moja.

Programu hii bado ina kikomo: ukizidisha nafasi mara mbili, muda unaongezeka kama mara nne. Wanaokimbilia rekodi huugawa mfululizo nusu kwa nusu, wanakokotoa kila nusu kama sehemu ya namba nzima, kisha wanaziunganisha, na kuzidisha namba ndefu kwa mbinu ya haraka inayoitwa njia ya Fourier. Ukitaka mamilioni ya tarakimu bila kuandika hayo mwenyewe, ipo programu ya y-cruncher ya Alexander Yee, inayotumia fomula hiihii. Kwa programu hiyo Emma Haruka Iwao wa Google alifikisha tarakimu trilioni 31.4 mwaka 2019, kisha trilioni 100 mwaka 2022, na hesabu hiyo ya pili ilichukua siku zaidi ya 150. Katika ukubwa huo kinachokwamisha ni diski: tarakimu haziingii kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na muda mwingi unaishia kwenye kusoma na kuandika.

Hatua ya 8: Kuhakiki tarakimu za mbali bila kukokotoa zote

Nani atarudia trilioni 100 kwa fomula nyingine ili ahakiki? Hadi mwaka 1995 swali hilo lilikuwa zito. Mwaka huo Simon Plouffe aligundua fomula ambayo yeye, David Bailey na Peter Borwein waliichapisha pamoja. Ni jumla, kwa k = 0, 1, 2 na kuendelea, ya:

(1/16^k) × (4/(8k+1) − 2/(8k+4) − 1/(8k+5) − 1/(8k+6))

Kipengele cha k = 0 ni 4 − 0.5 − 0.2 − 0.1666667, yaani 3.1333333. Lakini kasi siyo kinachoipa umaarufu. Kwa kuwa kila kipengele kinagawanywa kwa 16^k, unaweza kuzidisha pai kwa 16^n ili nafasi unayoitaka ije mara baada ya nukta, halafu uitupe sehemu nzima, maana huihitaji. Na sehemu nzima unaitupa mapema, kipengele kwa kipengele: badala ya 16^(n−k) ÷ (8k+1), unachukua mabaki ya 16^(n−k) yakigawanywa kwa (8k+1), kisha unagawanya hayo mabaki. Katika Python ni pow(16, n-k, 8*k+1), hesabu ya papo hapo hata n ikiwa kubwa sana. Namba zote zinabaki ndogo, na unapata tarakimu ya mbali bila kuzijua zilizotangulia.

Sharti lake ni kwamba tarakimu inayotoka ni ya mfumo wa 16, si wa 10. Ili ujue unachotafuta, tengeneza chache za mwanzo mwenyewe. Chukua 0.14159265359 uzidishe kwa 16: unapata 2.2654824574, andika 2. Chukua kilichobaki baada ya nukta, zidisha tena: 4.2477, andika 4. Kisha 3, kisha 15 inayoandikwa F, kisha 6, kisha 10 inayoandikwa A. Pai katika mfumo huo inaanza 3.243F6A8885.

Ndiyo sababu hesabu za rekodi hufanywa kwanza katika mfumo wa 16. Tarakimu za mwisho kabisa hulinganishwa na zile za fomula ya Plouffe, iliyopita njia isiyohusiana kabisa na ya Chudnovsky. Zikifanana, kila kitu kilichozitangulia karibu hakika ni sahihi, kwa kuwa kosa lolote katikati ya hesabu lingeharibu na mwisho wake. Baada ya hapo ndipo namba nzima inageuzwa kuwa ya mfumo wa 10, na ugeuzaji huo nao una hakiki yake peke yake: gawanya namba ya mfumo wa 16 na ya mfumo wa 10 kwa namba tasa moja kubwa, uone kama mabaki yanalingana.